Majibu Ninayo Tangu Jumanne

Mwanvua,

Shikamoo yako nitaipokea kwa mdomo ukifika. Usije ukadhani barua imekusamehe salamu. Umepanda Kinole kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla hujala mara mbili na kufungiwa ndizi usizoweza kuzibeba. Kwa hiyo mchana wote ni wangu. Meza yangu ya viungo sokoni sikuifungua leo. Wateja wakanuse kwa wenzangu.

Jana, mbele yangu na mbele ya mjomba wako Shomari, ulisema kesho hupandi treni mpaka majibu ya picha yangu yatoke. Ukasema ujumbe wa kuwaomba watu wa chuo kule Uholanzi wakuahirishie nafasi umeshauandika, umebakiza kuutuma. Mimi nikaendelea kuchambua iliki. Ukadhani nimekubali. Umeishi na mimi miaka ishirini na sita, hujajua tu kwamba nikinyamaza ndipo nimekataa?

Majibu ninayo tangu Jumanne. Ile Jumanne niliyokwambia nakwenda Matombo kufuata iliki, nilikwenda Dar kumwona daktari. Bahasha iko nyuma ya kopo la mdalasini, mahali usipogusa kwa sababu mdalasini unakupigisha chafya.

Nitakwambia yanasemaje, humu humu, ila mahali ninapotaka mimi. Najua utataka kuruka. Ndiyo maana kurasa sikuzitia namba, na nikimaliza nitazikunja hovyo. Tulia usome kwa foleni kama watu wengine.

Mambo ya sweta, ya kula kabla hujatoka na ya kutozungumza na wanaume kwenye ndege nawaachia mama zako wadogo, wameshaanza kukutumia ujumbe wa sauti tangu wiki iliyopita. Mimi nataka kukupa aibu zangu. Zimenigharimu, sioni sababu ya kuzikwa nazo.

Ya kwanza unaijua nusu. Unajua niliumwa ukiwa kidato cha tano. Usichojua ni kwamba damu ilianza kunitoka ukiwa kidato cha tatu. Nilijiambia hedhi inakoma, na kwa kuwa ni yangu, haiwezi kukoma bila mbwembwe. Nikaanza kuvaa kanga za rangi nzito. Watu wakanisifu nimekuwa mtu mzima, navaa kwa heshima.

Elimu yangu unaijua: darasa la saba, na magazeti ya kufungia viungo. Nimesoma nusu ya kila habari iliyotokea nchi hii. Nusu nyingine mteja aliondoka nayo. Na katika nusu hizo nilishakutana na saratani ya shingo ya kizazi. Dalili zote zilikuwa pale, moja baada ya nyingine, mpaka karatasi ilipochanika. Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya kitambaa kilicholowa. Kisha nikaifungia pilipili manga, nikamuuzia mtu.

Kwa hiyo siku ukisikia wakubwa wanahutubia kwamba wanawake wa milimani tunachelewa hospitali kwa kutojua, unaweza kuinua mkono. Mmoja alijua sana. Alichoogopa ni kuvua nguo mbele ya daktari ambaye angeweza kuwa mtoto wa mteja wake.

Aliyelipa ni wewe. Mwaka mzima nje ya shule, ukinichemshia uji na kunishika mkono kwenda chooni, huku wenzako wakifanya mitihani. Uliporudi darasani ulikaa na watoto waliokuwa nyuma yako. Mwaka ule niliula mimi, Mwanvua, na sikuwahi kukuomba radhi kwa sababu ulisema si kitu. Kilikuwa kitu. Naomba radhi leo, kwa maandishi, ili usije ukasema hukusikia.

Ya pili huijui kabisa. Anayeijua ni Bi Tatu, yule jirani yetu mchora piko, na aliniapia.

Nilipoanza mionzi walinichora alama tatu kwa wino wa zambarau: moja chini ya kitovu, mbili nyongani. Misalaba midogo. Dada wa mashine, mwembamba, mwenye miwani, akaniambia: "Mama, usisugue hapa. Maji yapite tu. Hizi ndizo zinazotuonyesha pa kulenga." Nikasema sawa. Nilisema sawa kama ninavyomwambia mteja kwamba bei nimempunguzia.

Idi ikaangukia katikati ya tiba, mashine zikapumzika, nikarudi nyumbani Bigwa. Wifi yangu akaja kunisaidia kuoga. Kanga ikateleza.

"He! Wifi, umechanjwa tena? Mganga gani huyu anachanja kwa zambarau?"

"Ni za hospitali."

"Hospitali gani inachora misalaba kwenye tumbo la mwanamke wa Kiislamu, tena siku ya Idi?"

Akacheka, na ninamjua wifi yangu, kicheko chake kingefika Mlali kabla ya pilau ya jirani kupoa. Alipotoka nilichukua dodoki na sabuni ya mwarobaini nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Niliswali Idi nikiwa safi kama bakuli. Nilijiona mshindi hadi saa nne asubuhi, ndipo nikakumbuka kesho yake natakiwa kwenye meza ya mionzi, na mashine haina pa kulenga.

Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nilikwenda kwa Bi Tatu.

"Nichoree misalaba mitatu. Hapa, hapa na hapa."

Bi Tatu aliweka kikombe chini. "Misalaba? Leo?"

"Alama za kujumlisha, Bi Tatu. Za hesabu."

"Hesabu za nini mpaka zifike nyongani?"

"Chora bwana, piko lako linakauka."

Nilimwonyesha kwa kidole mahali nilipokumbuka. Akachora kwa piko, vizuri, mikono yake unaijua. Mimi nikajilaza nikijisifu: wino wao unafutika kwa maji, wangu utakaa wiki tatu. Nimewazidi akili wasomi. Nilipoinuka nikaona kila msalaba una majani manne na kikonyo. "Mitupu ilikuwa inanitia hofu," Bi Tatu akasema. "Na mtu asitoke kwangu siku ya Idi hana hata ua."

Kesho yake nikalala mezani, nimefumba macho, mtakatifu kabisa. Dada wa miwani akafunua shuka, akainama.

"Mama. Nani amekuwekea maua?"

Wenzake wawili wakaja kuangalia. Walicheka mpaka mmoja akajishika ukutani. Na mimi nikacheka, nikadhani yamekwisha. Kisha yule dada akaleta rula, akapima kutoka mfupani, akarudia kupima, na uso wake ukabadilika. Hakupaza sauti. Alisema, "Umeziweka pembeni upana wa vidole viwili. Tungewasha leo, tungekuwa tunapiga utumbo wenye afya, na ugonjwa tunauacha umelala." Akanifunika shuka kama unavyomfunika mtoto. "Ungeniambia tu umezifuta, mama. Mbona kila siku watu wanazifuta."

Kila siku watu wanazifuta! Nilikuwa tayari kupigwa mahali pasipo ugonjwa ili nisionekane mjinga mbele ya watu ambao wala wasingenishangaa. Wakanirudisha kwenye kupimwa upya, siku zikapotea, na katika tiba ile siku zinazopotea zinampa adui nafasi ya kuota. Sitajua kamwe siku zile zilinigharimu nini. Labda hakuna. Labda ndizo tunazozungumzia leo.

Hili nimekuhadithia kwa sababu unakwenda kuwa upande wa pili wa kioo, pamoja na wenye mashine. Utakuwa na picha nzuri zaidi ya zote. Nakuomba kitu kimoja: mtu akilala mezani mpole kupita kiasi, mwangalie vizuri. Huenda amejichora mwenyewe.

Sasa nikurudishe jikoni. Ulikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, uko nyumbani likizo, tunapika maharage yasiyotaka kuiva. Nikakuuliza, "Hivi hicho unachotaka kwenda kusomea ni nini hasa? Usiniambie fizikia ya tiba. Hiyo nimeshawatangazia majirani wote na hakuna aliyeielewa, nikiwemo mimi."

Ukasogeza sufuria. "Mama, ukiangalia hapa unaona nini?"

"Majivu. Na maharage yako yanapoa."

"Weka mkono juu. Usiguse."

Nikaweka. Upande mmoja baridi, upande mwingine mkono ukanirudi wenyewe.

"Picha uliyopigwa wewe zamani," ukasema, "ilionyesha majivu yako wapi na yana ukubwa gani. Umbo tu. Wakalipiga lote sawasawa, na pembeni yake kidogo kwa tahadhari. Siku hizi kuna picha inayoweka mkono juu. Inaonyesha wapi kuna uhai, wapi panakula sukari kwa fujo, wapi pamekufa tayari. Basi unapanga mionzi kwa kufuata hiyo. Pale penye ukaidi unaongeza. Pale palipotulia unapunguza. Katikati ya tiba unapiga picha tena, kwa sababu uvimbe unabadilika, na wewe unabadilisha mpango."

"Ukaidi wenyewe unatoka wapi?"

"Mara nyingi ni sehemu isiyopata hewa vizuri. Hiyo, mionzi inaipata kwa shida."

"Lakini kaa lisilopata hewa linazimika."

"Hapo ndipo jiko linapoishia, mama. Mwilini ni kinyume."

"Basi ni kama mjomba wako. Amejifungia ndani miaka yote, hapati hewa ya watu, ndiyo maana hapenyeki."

Ulicheka. Mimi nilicheka nawe, halafu nikakasirika wiki nzima, na hukujua kwa nini. Ngoja nikwambie. Tangu mionzi ile kibofu changu kimekuwa kama mtoto mchanga. Sikimbii sokoni kwenda nyuma ya jengo kwa sababu napenda mazoezi. Utumbo nao una siku zake. Nilikuwa nimeshakubali kwamba ndiyo bei ya kuishi. Siku ile jikoni nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya kilichounguzwa haikuwa na hatia. Ilikuwa jirani tu. Walionitibu sina neno nao. Walifanya kazi kwa macho waliyokuwa nayo, na mimi hapa niko hai nabishana na kila mtu. Lakini hasira nilikuwa nayo, na sikuitubu. Nikaamua kukupa wewe uende nayo shule.

Wapo watakaokwambia kwamba mambo ya kumpimia mgonjwa mmoja mmoja ni ya nchi za watu. Sisi tushukuru kupata mashine inayowaka. Wengine watakuwa Wazungu wenye huruma, hao ni wabaya zaidi. Waambie Bigwa kuna fundi cherehani ambaye umeme unamkatikia atakavyo yeye mwenye umeme, anashona kwa kukanyaga, na hajawahi kumkatia mtu gauni bila kumzungushia futi kiunoni. Kama gauni la harusi ya shangazi linapimwa, na moto unaoingizwa tumboni kwa shangazi upimwe. Hilo si anasa. Ukishindwa kulisema kwa Kiingereza, liseme kwa Kiswahili, wasipoelewa wakatafute mkalimani.

Na mjomba wako. Jana ulitoka nje kwa hasira, hukusikia yaliyofuata. Alikuwa ameketi kwenye ule mkeka kama aliyekuja kukagua nyumba.

"Dada, mtoto wa kike anamwacha mama mgonjwa anakwenda Ulaya kupiga picha? Morogoro hapa picha zimekwisha?"

"Si picha za pasipoti, kaka."

"Za aina yoyote. Mimi ndiye mjomba. Kwa mila zetu mtoto huyu ni wangu, nami nasema haendi."

Unajua sisi Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja kufanya kazi kiwanda cha sukari kutoka mbali, akafa akilalamika kwamba katika nyumba hii yeye ni mpangaji. Shomari alikuwa anategemea nitainamisha kichwa. Nimekiinamisha mara nyingi. Nilikiinamisha aliposema usiende shule ya bweni, na ukapoteza nafasi ile. Hiyo nayo iandike katika orodha ya makosa yangu, sitaieleza, unaijua.

Nikamwambia, "Ni wako kwa sababu ni wangu. Ungempata wapi bila mimi? Ukoo unapita tumboni mwangu, Shomari, haupiti kwenye kofia yako. Wewe ni msemaji. Sasa mimi nimekwambia cha kusema."

Akauliza kama chai imebaki.

Nilipompa chai nikampa na habari zangu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, na haki hiyo ilikuwa yako, lakini nilimhitaji kwa kazi nitakayokueleza. Alilia, Mwanvua. Mwanaume mzima, machozi yanadondoka kwenye kikombe. Usimwambie nimekwambia. Mwachie cheo chake.

Basi tufike. Kama umeruka mpaka hapa, rudi; nitakuuliza maswali.

Ile picha ya kawaida ya mwezi uliopita ilionyesha kivuli mahali pa zamani, na hakuna aliyeweza kusema ni kovu au ni ugonjwa. Hilo unalijua, ulikuwepo. Ndipo wakanipeleka kwenye ile picha yako, ya kuweka mkono juu. Uliniaga mlangoni ukiwa na jina lake refu mdomoni, mimi nikaingia kufanya mtihani wa kitabu ulichosoma wewe. Walinichoma sindano ya sukari yenye mionzi, wakanilaza chumba chenye mwanga hafifu, blanketi mbili, saa nzima. Wakaniambia nisizungumze, maana misuli ikifanya kazi inakula sukari, na picha itawaka mahali pasipohusika. Saa nzima, Mwanvua! Mimi! Nikamwambia yule muuguzi basi waandae kabisa, mdomo wangu utawaka kama taa ya uwanja wa mpira. Akasema, "Na sasa hivi unazungumza, mama."

Jumanne daktari akageuza kompyuta tuangalie wote.

"Mama, umekuja na nani?"

"Nimekuja na masikio."

Picha ilikuwa ya mtu wa kijivu amesimama, na huyo mtu ni mimi, bila kanga wala aibu. Kichwani panawaka.

"Huo ni ubongo," daktari akasema. "Unawaka kwa kila mtu."

"Una hakika ni kila mtu? Nina kaka."

Akacheka bila kutaka. "Na hiki kikubwa chini ni kibofu, sukari inatafuta njia ya kutoka. Hapa ndipo lilipo kovu lako. Angalia, limenyamaza. Halili kitu."

"Na hiki?"

Hakucheka tena. "Hicho ndicho, mama."

Punje moja, kama pilipili manga, pembeni mwa kovu upande wa kushoto. Inawaka. Saratani imerudi, Mwanvua. Nimeliandika neno hilo kwa herufi zangu za kawaida na kalamu haijavunjika.

Sasa vuta pumzi, usome linalofuata kwa kichwa ulichopelekwa nacho chuo, siyo kwa moyo. Daktari alisema hivi: wasingekuwa na picha hiyo, wangekuwa na mambo mawili tu. Kungoja mpaka kivuli kikue kijieleze chenyewe, au kupiga eneo lote la zamani, nalo haliwezi tena, limeshakula moto wake wa maisha. Lakini kwa kuwa wameiona punje, na mwili mzima hawajaona nyingine, wanaweza kujaribu kuilenga hiyo peke yake. Mionzi myembamba, mara chache, kutoka pande nyingi, ikutane pale tu. Mwenye kupanga hesabu hizo ni mtu wa kazi yako. Nilimwona kupitia kioo, mwanamke, ana kikombe cha chai kilichopoa na anazitazama namba zangu kama mimi ninavyotazama mdalasini wa mtu ninayemshuku.

"Siwezi kukuahidi, mama," daktari akasema.

"Sikukuomba ahadi. Nimekuomba tarehe."

Nimepewa. Jumatatu ya wiki ijayo.

Najua ulichokifanya sasa hivi. Umeshika simu, unatafuta ule ujumbe. Iweke chini kwanza.

Ukibaki, utafanya nini? Utanichemshia uji. Nakupenda, lakini uji wako una mabuje ya unga mbichi tangu kidato cha tano na hakuna chuo kitakachoutibu. Utakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mionzi ukihesabu vigae. Punje ile haitajua kama upo. Kama itakufa, itauawa na mtu aliyekwenda shule akakaa mpaka mwisho, ambaye pengine naye ana mama, na mama yake naye alikuwa na siku yake mbaya. Na kama haitakufa, nataka uwe umeshaanza kujua kwa nini.

Kuhusu benchi, limeshapata mtu. Hiyo ndiyo kazi niliyompa mjomba wako. Shomari atanipeleka Dar, tutafikia kwa mama yako mdogo, na atakaa nje akinishikia mkoba. Nimemwambia mila inasema mjomba ndiye mlinzi wa ukoo, basi alinde. Ameshauliza kama kule kuna mahali pa kunywa kahawa. Alama nikichorwa, ameapa ataninyang'anya dodoki.

Sikupi masharti ya kurudi kuokoa nchi. Watu kumi watakupa hotuba hiyo kesho kituoni. Mimi nasema jifunze mpaka uweze kuwabishia waliokufundisha, na wakikubali kirahisi, tafuta wagumu zaidi. Yatakayofuata utayapanga mwenyewe. Ukoo wetu una watu wa kutosha wa kukupangia na hakuna aliyewahi kupatia.

Huenda nikafa ukiwa huko. Nimeliandika hilo pia, ili lisiwe linakunyemelea kwenye baridi. Likitokea, hutakuwa umeniacha. Nitakuwa nimekusukuma, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili timamu na nguvu za kubeba gunia la iliki. Yeyote atakayesema vinginevyo kwenye matanga, muonyeshe barua hii. Anza na wifi.

Lakini mimi sina mpango wa kufa mwaka huu. Nina mdalasini wa kuvuna, na nataka kuona Shomari akinywa kahawa ya hospitali.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Nilikuwa nimepanga kuishona barua hii ndani ya bitana ya begi lako. Ungeikuta huko, ukiwa umeshafika, hakuna treni ya kukurudisha. Nilikuwa nimeshatunga uzi kwenye sindano. Mpango mzuri, ungefanikiwa, wewe hukagui mabegi. Nikakaa na sindano mkononi nikamwona yule mwanamke anayefungia gazeti pilipili manga, na yule mwingine aliyelala mezani amefumba macho, nikaona watatu hatufai kukaa nyumba moja. Mara mbili nimeficha nikadhani nawazidi watu akili. Safari hii nakupa ukweli ukiwa bado una uwezo wa kuutumia vibaya. Ukiamua kubaki, hakuna nitakachoweza kufanya, begi ni lako na miguu ni yako. Ninaogopa hilo kuliko punje.

Nasikia pikipiki inapanda kilima, na dereva wa Kinole anavyolalamika, ndizi ni nyingi kuliko nilivyodhani. Nitakupa karatasi hizi mkononi, pamoja na bahasha, utakaa barazani usome, mimi nitakuwa ndani. Ukimaliza, usilie huko nje majirani wakaona. Njoo jikoni tubishane. Nina hoja nyingine sita ambazo sikuziandika.

Mama yako